Indianapolis 500: Mrudishieni fundi uwanja wake

Mwaka 1952 gari lililoanza mbele kabisa katika mashindano ya magari ya Indianapolis 500, huko Marekani, lilikuwa la dizeli. Injini yake ilitoka Cummins, kampuni ileile ambayo injini zake tunazisikia zikinguruma kwenye malori na majenereta. Ilikuwa na silinda sita, ujazo wa lita 6.6 na turbo, na ililazwa ubavu ili gari likae chini. Fred Agabashian aliendesha mizunguko minne ya kufuzu kwa wastani wa kilomita 222 kwa saa, na hakuna gari la methanoli (aina ya alkoholi) wala petroli lililomfikia siku hiyo. Kwenye mashindano yenyewe gari likafa mzunguko wa 71. Mdomo wa kuvutia hewa ulikuwa umewekwa chini, puani mwa gari, ukafyonza vipande vya mpira vilivyobanduka kwenye matairi ya wengine, turbo ikaziba na nguvu zikaisha. Injini haikuwa na kosa. Kilichowaponza ni mahali walipoweka mdomo wa hewa.

Leo hakuna fundi anayeweza kuleta kitu cha namna hiyo Indianapolis, hata kama anacho mkononi na kinafanya kazi. Chasisi ni moja kwa wote, ya kampuni ya Dallara. Injini ni V6 ya lita 2.2 yenye turbo mbili, na wanaoitengeneza ni wawili tu, Honda na Chevrolet. Naamini mashindano haya yalipata ukubwa wake kwa sababu mtu aliweza kuja na wazo la ajabu, akalijaribu mbele ya watu kwa kilomita 805, na saa ikamhukumu. Mlango huo umefungwa, na sababu zinazotolewa za kuufunga ni nusu sahihi.

Tuanze na uwanja, kwa kuwa ndio unaoeleza mengine yote. Carl Fisher na wenzake watatu waliujenga mwaka 1909 ili viwanda vya magari vya Indiana vipate mahali pa kujaribia magari kwa mwendo mkali. Mashindano ya kuuza tiketi yalikuwa sehemu ya mpango, lakini wazo la msingi lilikuwa majaribio. Wengi huuita duara, ila umbo lake ni mstatili wenye kona nne zilizoviringwa: njia mbili ndefu zilizonyooka za mita 1,006 kila moja, mbili fupi za mita 201, na kona nne zenye urefu wa mita 402 kila moja. Jumla ni kilomita 4.02, na mizunguko ni 200. Kona zimeinuka nyuzi 9.2 tu. Mwinuko huo ulipangwa kwa magari ya 1909 na haujabadilishwa tangu hapo, kwa hiyo kila kilomita iliyoongezeka kwenye mwendo imebidi itafutwe kwenye tairi, kwenye uzito na kwenye hewa. Uwanja haumsaidii mtu.

Njia ya kwanza ilikuwa ya kokoto na lami. Ilipasukapasuka kwenye mashindano ya Agosti 1909, watu wakafa, na ndani ya siku 63 za vuli yake wakatandika matofali milioni 3.2 juu ya mchanga. Sasa imebaki yadi moja tu ya matofali hayo kwenye mstari wa kumalizia. Kwingine kote ni lami.

Idadi ya magari 33 nayo imetoka kwenye hesabu. Wasimamizi wa mwanzo walikadiria kila gari linahitaji futi 400 za njia ili mambo yawe salama. Uwanja una futi 13,200. Gawanya, utapata 33.

Mashindano ya kwanza yalifanyika tarehe 30 Mei 1911, na aliyeshinda alikuwa mhandisi na dereva pia. Ray Harroun alifanya kazi kwa watengenezaji wa Marmon, palepale Indianapolis, na akaja na gari lenye kiti kimoja wakati wenzake wamebeba fundi pembeni wa kutazama nyuma na kupampu oili. Walipolalamika kwamba hataona anayemjia, akafunga kioo cha kutazamia nyuma. Baadaye alikiri kwamba juu ya matofali kioo kilitetemeka mno hata hakuona kitu. Hesabu yake kubwa ilikuwa ya matairi. Alijua kwamba ukizidisha mwendo kidogo tu, tairi la zama zile linaisha upesi kupita kiasi, na kila ukisimama kubadilisha unapoteza ulichokipata. Akashika mwendo wa sawasawa, akamaliza kwa wastani wa kilomita 120 kwa saa, muda wa zaidi ya saa sita na nusu.

Mwaka uliofuata Ralph DePalma aliongoza mizunguko 196 kwa Mercedes yake, na ikiwa imebaki miwili hivi konrodi, mkono unaobeba pistoni, ikakatika. Yeye na fundi wake wakashuka wakalisukuma gari huku umati ukiwashangilia. Joe Dawson akashinda.

Kisha zikaja Peugeot, na hapa pana jambo ambalo naona halisimuliwi vya kutosha. Gari alilolitumia Jules Goux kushinda mwaka 1913 lilikuwa na kamshafti mbili (shafti zinazofungua valvu) juu ya silinda hedi na valvu nne kwa kila silinda. Fungua boneti ya gari la kawaida la siku hizi, mara nyingi mpangilio utakaouona ni huohuo. Faida yake ni mbili. Valvu nne ndogo hupitisha hewa nyingi kuliko mbili kubwa, na kwa kuwa kila moja ni nyepesi, springi inaweza kuifunga kwa wakati hata injini ikizunguka kwa kasi kubwa. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza, vipuri kutoka Ufaransa vikawa adimu, na Peugeot moja iliyovunjika ikapelekwa Los Angeles kwenye karakana ya Harry Miller. Miller na mafundi wake, akiwamo Fred Offenhauser, waliifungua, wakaipima, wakaielewa. Kutokana na somo hilo walizaa injini zao wenyewe, na hatimaye ile ya silinda nne iliyokuja kuitwa Offy.

Offy ilishinda Indianapolis mara 27. Kuanzia 1947 hadi 1964 hakuna mwaka hata mmoja ulioshindwa na injini nyingine. Siri yake kubwa anaielewa mtu yeyote aliyewahi kuunguza gasketi: silinda hedi na bloku vilisubuliwa kipande kimoja, kwa hiyo hapakuwa na gasketi katikati ya kuungua. Kazi ya kuiunga ilikuwa ngumu, maana valvu ilibidi zishughulikiwe kwa kupitia ndani ya silinda kutokea chini. Lakini turbo zilipofungwa kwenye Offy miaka ya 1960 na kupandisha mgandamizo ndani ya silinda kwa kiwango ambacho injini nyingi zisingekistahimili, chuma hicho kilichochorwa bila kuzifikiria kikastahimili. Ushindi wake wa mwisho ulikuwa mwaka 1976, kwa Johnny Rutherford. Mzizi wa 1913 ulikuwa bado unazaa.

Lililofuata lilikuwa kuhamisha injini. Mwaka 1961 Jack Brabham alileta Cooper ndogo yenye injini ya lita 2.7 nyuma ya dereva. Kwenye njia zilizonyooka aliachwa waziwazi, lakini kwenye kona alirudisha sehemu ya alichopoteza, na akamaliza wa tisa. Magari ya Kimarekani ya wakati huo yalikuwa na injini mbele na propela shafti ikipita ubavuni mwa dereva, kwa hiyo yalikuwa mazito na mapana. Ukiipeleka injini nyuma shafti hiyo haihitajiki, dereva analala chini, pua inakuwa nyembamba, uzito unapungua, na tairi linaishi zaidi. Colin Chapman wa Lotus, kampuni ya magari ya Uingereza, alilielewa hilo kuliko wote. Dereva wake Jim Clark akawa wa pili mwaka 1963, na mwaka 1965 akashinda kwa wastani wa kilomita 242 kwa saa akiwa ameongoza mizunguko 190. Ndani ya miaka minne tangu Cooper ile, magari ya injini ya mbele yalikuwa yamebaki machache tu uwanjani, na hakuna sheria iliyoyafukuza.

Kati ya hapo kuna 1964, na haifai kuipita. Mzunguko wa pili, gari la Dave MacDonald liligonga ukuta wa ndani likiwa na petroli, likalipuka na kurudi katikati ya njia, Eddie Sachs akaligonga, na wote wawili wakafa. Petroli ilikuwa imependwa kwa hesabu ya kusimama: methanoli inatumika karibu maradufu kwa umbali uleule, kwa hiyo mwenye petroli anasimama mara chache. Walichofanya wasimamizi kilikuwa cha busara. Kwa mwaka 1965 waliweka sharti la kusimama mara mbili kwa uchache kuongeza mafuta, faida ya petroli ikayeyuka, na timu zikarudi kwenye methanoli, ambayo moto wake unazimika kwa maji. Nayo ina hatari yake, kwani mwali wake hauonekani mchana. Mwaka 1981 mafuta yalimwagika gari la Rick Mears lilipokuwa linajazwa, na watu wakaonekana wakijipigapiga na kukimbia bila moto wowote kuonekana. Mears aliungua uso, akapona, akaja kufikisha ushindi mara nne.

Naisifu sheria ile ya 1965 kwa sababu iliondoa kishawishi bila kumwambia fundi atengeneze nini. Linganisha na yaliyoipata turbini, injini ya aina inayotumika kwenye ndege.

Andy Granatelli alileta mwaka 1967 gari lenye injini ya turbini ya Pratt & Whitney iliyofungwa ubavuni mwa dereva, nguvu za farasi zipatazo 550, na magurudumu yote manne yakivuta. Parnelli Jones aliongoza mizunguko 171. Ilipobaki mitatu, beringi ya bei ya dola chache ndani ya giaboksi ikavunjika. Wasimamizi wakapunguza ukubwa wa tundu la kuingizia hewa kutoka sentimita za mraba 155 hivi hadi 103. Mwaka 1968 Lotus ilirudi na turbini iliyobanwa hivyo, katika gari lenye umbo la kabari, na Joe Leonard akaanza mbele kabisa. Akiwa anaongoza, mizunguko tisa kabla ya mwisho, mfumo wa mafuta ukakatika na injini ikazimika. Halafu tundu likabanwa tena, uvutaji wa magurudumu manne ukapigwa marufuku baada ya 1969, na turbini ikaisha. Haikuwahi kushinda hata mara moja. Ilifukuzwa kwa kukaribia.

Mabawa, yanayotumia hewa kuligandamiza gari chini, ni suala tofauti, na hapo nakubali kwamba mkono wa sheria ulichelewa. Mwaka 1971 mwendo wa aliyeanza mbele ulikuwa kilomita 287.6 kwa saa. Mwaka 1972 mabawa yaliruhusiwa kufungwa kwa bolti bila kuwa sehemu ya bodi, na Bobby Unser akafikia kilomita 315.3. Ongezeko la namna hiyo ndani ya mwaka mmoja, kwa ukuta uleule wa zege na tangi la lita 284, lilikuwa linaita msiba. Mwaka 1973 Art Pollard alikufa kwenye mazoezi. Salt Walther aliunguzwa vibaya mwanzoni mwa mashindano, na mafuta yakawarukia watazamaji. Swede Savage aligonga ukuta kona ya nne na kufariki wiki kadhaa baadaye, na fundi mmoja aliyekuwa akikimbilia ajali hiyo akagongwa na gari la zimamoto. Baada ya hapo tangi lilipunguzwa hadi lita 151 hivi, mabawa yakapunguzwa, na turbo ikafungiwa valvu ya springi inayofunguka na kupumua mgandamizo unapozidi kiwango. Hatua zote tatu zilikuwa sahihi. Na zote tatu zilimwachia fundi nafasi ya kufikiri ndani ya mpaka.

Wanaotetea chasisi moja hupenda kutaja 1994. Sheria iliruhusu injini za fito za kusukuma valvu ziwe na lita 3.43 na mgandamizo wa turbo wa inchi 55 za zebaki, wakati injini za kamshafti za juu zilibaki lita 2.65 na inchi 45. Lengo lilikuwa kumsaidia fundi mdogo anayeanzia kwenye bloku ya gari la kawaida. Timu ya Penske na watengenezaji wa injini Ilmor waliisoma sheria, wakaona haisemi lazima bloku itoke gari la kawaida, wakatengeneza kwa siri injini ya mashindano tupu kwa ajili ya mashindano hayo peke yake, ikabeba jina la Mercedes. Ilitoa nguvu za farasi karibu 1,000. Dereva wao Al Unser Jr. akashinda. Mwenzake Emerson Fittipaldi naye angeweza kushinda kama asingegonga ukuta mizunguko 15 kabla ya mwisho. Mwaka 1995, mgandamizo ukiwa umepunguzwa na injini ile imewekwa kando, timu hiyohiyo haikufuzu hata kwa gari moja. Watu hueleza kisa hiki kama uthibitisho kwamba uhuru unaharibu. Mimi naona kinathibitisha kwamba sheria iliandikwa vibaya. Ulinganifu uliwekwa kwa kukadiria, na anayekadiria nguvu za injini ambayo haijajengwa lazima akosee.

Kisha ukaja mgawanyiko wa 1996 kati ya IRL na CART, ligi mbili zilizoshindana za magari ya aina hii, ambao sitaueleza kwa kirefu kwa sababu ulikuwa ugomvi wa mamlaka na fedha na haukuacha wazo lolote la kiufundi la maana. Ulidumu hadi 2008. Timu zilikuwa zimechoka kifedha, na chasisi moja ilionekana ndiyo dawa.

Sasa fundi anafanya nini? Anafanya kazi kubwa, lakini kwenye milimita. Anachagua shokapu na springi. Anahakikisha tairi la nyuma kulia lina mzingo mkubwa kidogo kuliko la kushoto, ili gari lipende kugeukia kushoto lenyewe. Anapanga uzito uegemee vipi kati ya pembe nne za gari, na dereva ana kitufe cha kuuhamisha akiwa anaendesha. Ukizidisha upande mmoja, pua inakataa kuingia kona na gari linatambaa kuelekea ukutani. Ukizidisha mwingine, mkia unachomoka, na kwa kilomita 370 kwa saa hakuna muda wa kuurekebisha. Upepo ukigeuka, mpangilio wa asubuhi haufai saa sita. Mwaka 2019 timu ya McLaren ilikwenda na Fernando Alonso, bingwa mara mbili wa Formula 1, na siku ya mwisho ya kufuzu sakafu ya gari ikawa inasugua lami kwa sababu mtu alikosea kubadili inchi kuwa vipimo vya metriki. Walipolirekebisha, gia zikawa hazifai. Timu ndogo ya Juncos, na dereva Kyle Kaiser, ikawatoa. Ni kisa kizuri cha umakini, ila kilihusu kusoma rula.

Na tazama 2025. Magari mawili ya Penske yalirudishwa mwisho wa msafara kwa sababu kiungo cha nyuma cha kufyonza mgongano, ambacho hakiruhusiwi kuguswa, kilikutwa kimezibwa mshono wake ili hewa iteleze vizuri. Adhabu ilistahili. Lakini mafundi hodari wa mchezo huu wamefikishwa mahali ambapo ubunifu uliobaki ni kuziba mshono.

Sisemi zamani palikuwa na uhuru kwa wote, maana hapakuwa. Charlie Wiggins, fundi mweusi mwenye karakana palepale Indianapolis, alijenga gari lake mwenyewe na kushinda mara nne mashindano ya Gold and Glory yaliyoandaliwa kwa ajili ya madereva weusi, lakini wasimamizi wa Indianapolis 500 hawakumruhusu kuendesha kwao. Dereva mweusi wa kwanza kufuzu, Willy T. Ribbs, alifuzu mwaka 1991. Wanawake hawakuruhusiwa hata kukanyaga gereji hadi 1971, na Janet Guthrie akaendesha miaka sita baadaye. Milango hiyo imefunguliwa na ni heri. Inauma kwamba kipindi ambacho Wiggins wa leo angepokewa getini ndicho ambacho gari alilojenga kwa mikono yake lisingekubaliwa.

Kwa upande wa usalama, kilichookoa maisha zaidi si kufanana kwa magari. Ni ukuta wa mabomba ya chuma na povu nyuma yake, uliobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Nebraska na kufungwa Indianapolis mwaka 2002, na kingo ya kioo mbele ya dereva iliyoanza 2020. Ukuta haujui gari gani limeugonga.

Kwa hiyo ningependekeza hivi. Boksi la kumlinda dereva, kingo ya kioo, kiungo cha kufyonza mgongano na kamba za kushikilia magurudumu vibaki vilevile kwa wote, visiguswe. Mabawa na sakafu viwekewe kikomo cha nguvu ya hewa inayoligandamiza gari chini, kipimwe kwa vitambuzi vya uzito kwenye shokapu, ili mwendo usiruke kama 1972. Injini iwe huru kabisa: silinda ngapi, turbo ngapi, dizeli, turbini, umeme kiasi gani, shauri lako. Kinachodhibitiwa ni nishati. Kila gari lipewe nishati ileile kwa kilomita 805, na mtiririko wake usizidi kiwango kimoja kwa sekunde, upimwe kwa mita iliyofungwa lakiri. Hapo hakuna haja ya kukadiria injini ipi ni sawa na ipi, na mlango ule wa 1994 unafungwa bila kumfungia mtu. Gharama zidhibitiwe kwa sharti la kuuza: anayetengeneza injini lazima amuuzie timu yoyote inayotaka kwa bei iliyotangazwa kabla ya msimu, na akikataa injini yake isiruhusiwe mashindanoni.

Ukaguzi wa mambo hayo unahitaji mita, lakiri na mizani nne. Vifaa vya aina hiyo vipo gereji za uwanjani tayari.